Sura ya Sita: Kompyuta ya Kukesha kwa Niaba ya Mvuvi

Mji wa Rumonge, ulioko kusini ya Bujumbura kwa mwendo wa kilomita 70 na ushei katika barabara iufuatayo ufuko wa Ziwa Tanganyika, una wanaume wengi ambao kazi yao huanza pale za wenzao zinapokwisha, kwa kuwa uvuvi wa ndagala ni uvuvi wa kiza: jua likishatua nyuma ya milima ya Kongo, mitumbwi iliyofungamanishwa pamoja husukumwa majini na taa zake, na nuru hiyo ikishawavuta samaki wadogo hadi karibu na uso wa maji, nyavu huinuliwa, ilhali mwezi unapokuwa mpevu nuru yake huishinda ile ya taa, na wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu zao. Kwa sababu hiyo, ratiba ya starehe katika mji huu haipangwi na vituo vya televisheni peke yao, bali mwezi nao una kauli. Mechi za Klabu Bingwa ya Ulaya zilizo kubwa huanza saa 3 au saa 4 usiku kwa saa za Burundi, na aliyeko ziwani wakati huo, ikiwa hataki kusimuliwa mabao na shemeji yake asubuhi sokoni, hana hila ila moja, nayo ni kuacha nyumbani kitu kitakachotazama kwa niaba yake.

Matlaba hayo si mageni duniani. Kampuni ya Sony ilitoa mtambo wake wa Betamax mwaka 1975, na JVC ikafuatia na VHS mwaka 1976, na mzozo uliozuka baina ya watengeneza filamu na watengeneza mitambo ukafika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si wizi. (Kukirekodi na kisha kukionyesha ukumbini kwa kiingilio ni kadhia nyingine kabisa, na wenye kumbi za sine wa ufuoni wasije wakaitumia sura hii kuwa hoja yao.) Kanda zilirithiwa na diski mwaka 1999, TiVo ilipoingia madukani, na mwaka 2002 ukawa mwaka wa baraka, maana ndani yake Microsoft ilitoa Windows iliyotengenezwa mahsusi kwa sebule, programu huria ya MythTV ikaanza kuandikwa, na vijana waliokuwa wakichezea mashine ya Xbox wakaanzisha ile ambayo tangu 2014 inaitwa Kodi. Microsoft iliuacha mradi wake ilipotoa Windows 10 mwaka 2015. Walakini programu za huria zimesalia, na leo Kodi ya kutazamia pamoja na Tvheadend ya kurekodia, zikikaa juu ya Linux, hufanya kazi yote inayotakiwa bila kumtoza mtu hata faranga moja. Gharama, basi, ni ya vyombo tu, na ni hapo watu wanapopotelewa na fedha zao.

Hupotelewa kwa kuanzia mwisho. Ingia katika duka lolote la kompyuta zilizotumika, huko Buyenzi au katikati ya jiji la Bujumbura, useme kwamba unataka mashine ya televisheni, nawe utaonyeshwa kasha kubwa lenye kioo ubavuni na feni ziwakazo taa za rangi tatu. “Hii ni i7, mzee, inafungua kila kitu,” atasema kijana wa dukani akiligonga kwa kidole. Ukimwuliza, “Na tyuna yake iko wapi, mdogo wangu?” atakutazama kwa mshangao: “Tyuna ya nini tena? Si utatumia intaneti?” Kijana yule hana hila wala ubaya, anauza anachokifahamu, na anachokifahamu ni prosesa. Lakini katika mtambo wa kurekodia, prosesa ndicho chombo kinachostahili kufikiriwa mwisho, na mwenye kujenga nyumba yake ufukweni Rumonge, au Minago, au Nyanza-Lac, yampasa aanze na mambo mawili ambayo hayauzwi kwa muuza kompyuta, yaani umeme na mawimbi.

Tuanze na umeme. Ijapokuwa mito ya Jiji na Mulembwe, ishukayo kutoka milima ya Bururi nyuma ya mji, imewekewa mitambo iliyokusudiwa kutoa megawati 32.5 na 17, kila mkazi wa pwani hii anajua kwamba taa huzimika bila kuaga, na kwamba saa ya kurudi kwake huja na kishindo cha volti kinachoweza kuunguza kilichounganishwa. Sasa, televisheni ya kawaida umeme ukikatika hupoteza dakika zile tu ambazo haukuwapo. Mtambo wa kurekodia hupoteza pia kile ulichokwisha kukipokea, ikiwa diski ilikuwa katikati ya kuandika. Kwa hiyo chombo cha kwanza kununuliwa ni kidhibiti cha volti chenye kuchelewesha umeme kwa dakika kadhaa baada ya kurudi, na cha pili ni betri.

Na hapa pana faraja ambayo wengi hawaizingatii, nayo ni kwamba kurekodi hakuhitaji skrini. Televisheni yaweza kuwa imezimwa, spika zimelala, na wenye nyumba wamelala vilevile, na bado kazi ikatendeka kwa kompyuta ndogo, diski na kipokezi (ndiyo ile tyuna), ambavyo kwa pamoja, vikichaguliwa kwa uangalifu, havizidi wati 25 hivi. Mechi pamoja na mapumziko na muda wa ziada huchukua saa mbili na nusu, ambazo ni wati-saa 62 na nusu. Tuseme 75 tukihesabu kinachopotea katika inveta. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na hata tukiitumia nusu tu, kama inavyotakiwa kwa betri za risasi na asidi ili zisife mapema, inatosha kurekodi mechi nane pasipo hata cheche moja ya umeme wa nguzo. Wavuvi wa Rumonge, ambao siku hizi taa zao nyingi ni za LED zitumiazo betri, hawahitaji kufundishwa elimu hii na mtu wa kompyuta. Wao wanajua betri ipi hudumu na ipi ni ganda tupu, na mwenye busara atakwenda kuwauliza wao kabla ya kumsikiliza mwenye duka. Jambo moja tu niliongeze: uhai wa betri ya risasi hupungua takriban nusu kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25, kwa hiyo isiwekwe chini ya bati wala ukutani upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga, na mwenye uwezo wa kununua ya lithiamu ya fosfati ya chuma atalipa zaidi leo na atasahau habari ya betri kwa miaka.

Kisha iko mipangilio miwili iliyofichika ndani ya kompyuta, ambayo haina bei lakini mashine isiyo nayo haifai kununuliwa. Wa kwanza ni ule wa kuamuru kwamba umeme ukirudi baada ya kukatika, mashine ijiwashe bila kungoja kidole cha mtu. Wa pili ni ule wa kuamka kwa saa: mashine hulala ikila wati moja au mbili, na dakika chache kabla ya kipindi saa yake ya ndani huiamsha. Saa hiyo huishi kwa betri ndogo kama sarafu, iitwayo CR2032, na katika mashine zilizotumika betri hiyo aghalabu imekwisha kufa. Ibadilishwe siku ile ile ya kununua, maana ni rahisi kuliko soda na ndiyo inayojua kwamba usiku huu kuna mechi.

Tuje kwenye mawimbi, ambako jiografia ya Rumonge ina maneno mengi. Mji umeketi katika ukanda mwembamba wa tambarare ya Imbo, wenye michikichi tele, baina ya maji na milima ya Mumirwa inayosimama upande wa mashariki kama ukuta. Mawimbi ya minara ya ardhini, ambayo hupenda kwenda moja kwa moja, huzuiwa na milima hiyo, kwa hiyo nyumba mbili zilizo katika mtaa mmoja zaweza kupata picha mbalimbali kabisa, moja safi na nyingine vipande vipande. Dawa ni antena ya nje iliyo juu ya mlingoti, si ile ya kuweka juu ya kabati. Tena kuna kiini macho ambacho wageni wa pwani hii huangukia: juu ya maji, hususan katika usiku wa shwari, mawimbi huweza kusafiri mbali kupita desturi yake, na mtu akitafuta stesheni usiku huo hupata za ng'ambo ya ziwa, akafurahi, akaziweka katika ratiba, kumbe asubuhi hazipo tena. Mtu asiamini orodha ya stesheni mpaka ameitafuta mchana wa upepo.

Katika kununua kipokezi cha ardhini, neno la kusomwa juu ya kasha ni DVB-T2. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa ukomo wa televisheni za analojia katika Afrika na Ulaya, na kwa kuwa DVB-T2 ilitangazwa mwaka 2009, sehemu kubwa ya nchi za Afrika Mashariki zilielekea huko. Kipokezi cha zamani cha DVB-T, hata kikiwa cha kampuni yenye jina, hakisomi T2. Na kile ambacho ndugu aliyeko Marekani atakituma kwa mapenzi makubwa ni cha mfumo mwingine kabisa, uitwao ATSC, kisichoweza kupokea chochote huku. Wapo watumao zawadi hizo kila mwaka. Ndugu na aambiwe mapema, kwa adabu, kwamba afadhali atume diski.

Dishi la satelaiti, kinyume chake, haliijali milima, kwa sababu hapa tulipo, nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, satelaiti nyingi tunazozitumia ziko karibu na utosi. Ile ya nyuzi 36 mashariki, ambayo DStv hurushia sehemu kubwa ya Afrika, husimama kiasi cha nyuzi 81 juu ya upeo wa macho wa Rumonge. Ile ya nyuzi 7 mashariki ya Azam iko upande wa ziwa kwa kiasi cha nyuzi 63. Mtu wa Ulaya huona madishi yakitazama upeo wa macho; huku kwetu hutazama mbingu, na lile la nyuzi 36 limelala kiasi cha kuweza kukinga maji ya mvua kama bakuli. Mafundi wazuri hutoboa tundu dogo mahali palipo chini kabisa, upana wa msumari tu, maji yatoke. Mafundi wengine hawatoboi, na mteja hushangaa kwa nini picha haimrudii hata baada ya mvua kukoma. Wakati wa masika yenyewe, wingu zito likipita, mawimbi ya Ku, ambayo madishi haya huyapokea, hufifia kwa dakika kadhaa, na hilo halina tiba ila dishi kubwa zaidi kidogo. Sentimita 90 mahali ambapo kijitabu kinasema 60.

Kadhalika, ambaye angependa kurekodi kimoja na kutazama kingine ajue kwamba kichwa cha dishi chenye tundu moja hakimtoshi. Kompyuta hukiamuru kichwa hicho kwa volti, 13 kwa mawimbi ya wima na 18 kwa ya mlalo, na kikiwa katika hali moja, stesheni za hali ya pili hazipatikani kwa yeyote mwingine aliye katika waya ule. Kinunuliwe kichwa cha matundu mawili, na nyaya mbili zishuke hadi kwenye vipokezi viwili. Na kwa kuwa mashariki ya Kongo, ambayo ni jirani yetu wa ng'ambo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi mara nyingi zaidi duniani, mlingoti na dishi vifungwe waya mnene wa shaba uingiao ardhini. Israfu haimo katika shaba hiyo.

Sasa nilifikie jambo ambalo wauzaji hulinyamazia na ambalo limewasikitisha wengi. Kipokezi cha kompyuta hupokea stesheni zilizo wazi tu. Zile za kulipia, zikiwamo mechi za ligi ya Tanzania zinazorushwa na Azam, zimefungwa kwa siri ambayo ufunguo wake umo katika king'amuzi cha kampuni na kadi yake, na kampuni za kwetu kwa kawaida hazimpi mteja kidude cha kuichomeka kadi hiyo katika kompyuta. Mwenye haja na Simba na Yanga zaidi ya kitu kingine chochote atafute king'amuzi chenye diski au chenye kibali cha kurekodi katika diski ya nje, mfano wa ile Explora ambayo MultiChoice iliwatolea wateja wa DStv mwaka 2013, wala asijenge kompyuta. Ajengaye kompyuta ni yule ambaye moyo wake uko katika habari, mawaidha, muziki, na filamu zake mwenyewe alizozikusanya, pamoja na mechi za stesheni za taifa zinapobahatika kuzipata. Ni afadhali mtu ayajue haya akiwa bado na fedha zake mfukoni.

Diski ndiyo ghala la mtambo, na hesabu yake ni nyepesi. Kipindi cha picha safi kirushwacho kwa megabiti 8 kwa sekunde hula gigabaiti 3.6 kwa saa. Mechi yetu ya saa mbili na nusu ni gigabaiti 9. Na diski ya terabaiti 1 hubeba mechi kama 110. Kasi si shida, maana megabiti 8 ni megabaiti 1 tu kwa sekunde, na diski yoyote ya leo huandika zaidi ya 100, kwa hiyo asiyekuwa na fedha asishawishiwe kununua diski ya haraka. Atafute ya kudumu: zile zitengenezwazo kwa ajili ya kamera za ulinzi, ambazo zimezoea kuandika usiku na mchana. Ile ya filashi ya USB, iliyoandikwa terabaiti 1 na kuuzwa kwa bei ya samaki, isiguswe. Nyingi ndani yake mna gigabaiti 16 au 32, na baada ya kujaa huandika juu ya kilichokwisha kuandikwa bila kusema neno. Tena diski isiandaliwe kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili kubwa kuliko gigabaiti 4, kwani mechi itakatika kabla ya kipindi cha pili kunoga. Ext4 ya Linux ni bora, nayo hustahimili umeme wa kukatika kuliko mifumo ya kale.

Prosesa na memori nitazipita kwa haraka. Kurekodi ni kunakili tu mawimbi yalivyokuja, kazi ambayo haimtoi jasho hata mdogo wao. Kinachotaka nguvu ni kuifungua picha wakati wa kutazama, na nguvu hiyo haitokani na prosesa yote bali na sehemu yake ndogo iliyofundishwa kazi hiyo. Core i7 ya mwaka 2009, pamoja na kiburi chake, haina sehemu ya kufungua picha zilizobanwa kwa mfumo wa H.265, ilhali N100 ya mwaka 2023, ambayo Intel huihesabia wati 6, inayo. Kwa wenye kununua zilizotumika, zile kompyuta ndogo za ofisini kama OptiPlex Micro, ThinkCentre Tiny na EliteDesk Mini, zenye prosesa za kizazi cha sita na kuendelea, zinafaa sana, na kwa kuwa hutumia volti 19 au 20 za moja kwa moja, fundi aweza kuzilisha kutoka betri ya volti 12 kwa kipandisha volti kidogo, bila inveta. Hazina nafasi ya kadi kubwa, basi kipokezi kiwe cha USB. Memori ya gigabaiti 4 inatosha, 8 ni anasa ya halali.

Kuhusu sauti, nina kauli ambayo wapenda makasha ya spika tano na besi hawataipenda. Takriban kila kirushwacho na stesheni zetu ni cha sauti ya pande mbili, na spika tatu za ziada zitakuwa zikirudia yale yale au zimenyamaza, huku zikila wati. Zinunuliwe spika mbili njema, kubwa za mbao, na zisimame mbali na kona. Adui wa sauti katika nyumba za Rumonge si upungufu wa spika bali ni bati lisilo na dari: mvua ya Novemba ikianza, hata besi ya ukumbi wa harusi haisikiki, na fedha ya spika tatu zile ingetosha kununua mbao za dari.

Maji ya ziwa letu ni baridi, si ya chumvi, kwa hiyo kutu ile inayokula vyombo vya watu wa Mombasa na Unguja haituhusu sana. Vumbi la kiangazi, kuanzia Juni, na wadudu wanaofuata taa usiku ndio wanaotuhusu. Kasha lisilo na feni ni bora, na lenye feni lifunguliwe na kupulizwa mara kwa mara, wala lisitiwe ndani ya kabati la kioo pamoja na vikombe vya wageni, ambamo joto halina pa kutokea.

Limebaki jambo la saa. Burundi iko saa moja nyuma ya Tanzania, ingawa Kigoma na Rumonge zinatumia ziwa moja. Mtangazaji wa Dar es Salaam akisema mechi ni saa 1 usiku, Rumonge ni saa 12 jioni, na aliyeandika ratiba kwa kusikia atarekodi kipindi cha pili na mahojiano ya makocha. Saa za Ulaya nazo zina tabia mbili: wakati wa kiangazi chao, Brussels na Bujumbura hulingana, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ile ya mwisho ya Machi wao hubaki nyuma yetu kwa saa moja, ndiyo maana mechi ile ile ya Ulaya huhama kutoka saa 3 hadi saa 4 usiku. Ratiba inayokuja ndani ya mawimbi yenyewe huandikwa kwa saa ya dunia, na kompyuta iliyoambiwa kwamba iko Bujumbura itaigeuza yenyewe. Kwa hiyo ni afadhali kuchagua kipindi katika orodha hiyo kuliko kuandika saa kwa mkono. Na kwa mechi, iambiwe ianze dakika 10 mapema na iendelee dakika 30 baada ya mwisho uliotangazwa, au saa nzima ikiwa ni ya mtoano, kwa kuwa penalti hazimo katika ratiba yoyote.